Po’ boy: mkate mrefu uliolisha wagomaji wa New Orleans

Na Mwandishi Wetu

JULAI 5, 1929, mtaa wa Canal mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Tramu moja imethubutu kutoka, ikiendeshwa na mtu aliyeletwa kushika nafasi ya wagomaji. Haifiki mbali. Watu zaidi ya 10,000 wamefurika katikati ya mji. Wapo wanaoizuia isisogee, wapo wanaoitia moto, na wengi waliobaki wamesimama wakiitazama inavyoteketea.

Madereva na makondakta wa tramu zaidi ya elfu moja walikuwa wamegoma tangu Julai Mosi. Wakazi wengi waliwaunga mkono. Waliona heri watembee juani, au wadandie magari ya watu binafsi, kuliko kulipa nauli kwa aliyekwenda kuchukua kazi ya jirani yao.

Ndani ya mgomo huo ndimo wenyeji wanamoitafuta asili ya chakula chao kikuu cha mchana. Kinaitwa po’ boy: mkate mrefu unaopasuliwa ubavuni, ukajazwa nyama iliyolowa mchuzi, au kamba, chaza au kambare wa kukaanga, mpaka pande zake mbili zinashindwa kukutana.

Karibu miaka mia moja baadaye, sandwichi hiyo bado inazua mabishano. Nani aliianzisha? Nani ataendelea kuoka mkate wake? Kamba aliye ndani alivuliwa wapi? Na mtu wa mshahara mdogo, ambaye ndiye aliyetengenezewa, bado anaimudu? Kwangu mimi maswali mawili ya mwisho yana uzito kuliko yote, ingawa ni la kwanza ndilo linalosemwa zaidi.

Ndugu wawili na kibanda cha kahawa

Bennie na Clovis Martin walitoka Raceland, mji mdogo wa Louisiana kwenye nchi ya mabwawa na mashamba ya miwa. Waliingia New Orleans miaka ya 1910 kutafuta maisha, na kazi waliyoipata ilikuwa ukondakta wa tramu.

Mwaka 1922 waliiacha, wakafungua kibanda cha kahawa na mgahawa katika French Market, soko kongwe lililo jirani na mto Mississippi. Wakawa wenye biashara, lakini hawakuwasahau wenzao waliobaki kwenye tramu.

Mgomo wa 1929 ulikuwa na jambo zito kuliko nyongeza ya mshahara. Wafanyakazi walikuwa wanachama wa tawi namba 194 la chama cha wafanyakazi wa reli za umeme. Walipoyasoma masharti mapya ya mwajiri wao, kampuni ya New Orleans Public Service, waliona yanalenga kukiua chama chenyewe. Ndiyo maana hawakuwa tayari kurudi nyuma, na kampuni nayo haikuwa tayari.

Wiki zikapita. Mtu aliyegoma hana mshahara, na watoto nyumbani hawajui mgomo.

Agosti 6 ndugu wa Martin waliwaandikia wagomaji barua. Waliahidi mlo wa bure kwa kila mwanachama wa tawi la 194. Wakaongeza kwamba wako pamoja nao mpaka jehanamu igande kwa baridi, na hiyo siku ikifika wao ndio watakaowaletea mablanketi.

Bennie alisimulia baadaye kwamba waliwalisha watu hao bila malipo mpaka mgomo ulipokwisha. Kila walipomwona mmoja wao anakuja, mmoja wa ndugu hao alisema: huyo, kijana maskini mwingine anakuja. Wateja wakalidaka neno hilo, ambalo kwa Kiingereza ni poor boy, likahamia kwenye chakula.

Wagomaji walishindwa. Mgomo ulidumu karibu miezi minne, na ulipofifia soko la hisa la New York lilikuwa linaporomoka. Njaa iliyokuwa ya watu wa tramu ikawa ya mji mzima. Mwaka 1931 ndugu wa Martin walihamia jengo kubwa zaidi kwenye barabara ya St. Claude, na mgahawa wao ukawa haufungwi usiku wala mchana.

Mkate usio na ncha

Sehemu ya kisa hiki inayonigusa zaidi haimo kwenye barua. Imo ndani ya tanuri.

Mkate wa Kifaransa uliozoeleka mjini humo ulikuwa mnene katikati na umechongoka kwenye ncha. Ukiukatakata ili ugawe, atakayepewa kipande cha katikati anashiba, na atakayeangukiwa na ncha anabaki na ganda tupu. Kwa mkahawa unaolisha mstari mrefu wa watu wenye njaa, ncha hizo ni hasara, na ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila siku.

Ndugu wa Martin walimwendea John Gendusa, mwoka mikate mwenye asili ya kisiwa cha Sicily, Italia, ambaye bekari yake ilikuwa imefunguliwa 1922. Gendusa alitengeneza mkate wenye urefu wa inchi 40, yaani mita moja hivi, wenye unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Ukikatwa popote, kila kipande kinalingana na mwenzake.

Nusu yake ilikuwa inchi 20, na hiyo ilikuwa sandwichi moja. Ukubwa wa kawaida ulikuwa inchi 15. Hicho ni chakula cha mtu mzima aliyefanya kazi ya mikono, na kikigawanywa nyumbani kinawatosha watoto wawili.

> Gendusa aliufanya mkate uwe na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, ili kila kipande kilingane na mwenzake.

Nimesoma maelezo mengi ya asili ya vyakula, na mengi yanamhusu mpishi wa tajiri au bahati iliyoangukia jikoni. Hapa watu walikaa wakafikiri jinsi ya kuoka ili wa mwisho kwenye mstari apate sawa na wa kwanza. Hilo peke yake linatosha kuifanya sandwichi hii istahili kuandikwa.

Wanaopinga

Si wote wanaokubali kwamba jina lilizaliwa 1929. Shahidi mkuu wa wapinzani ni mpiga klarineti Sidney Bechet, mwana wa New Orleans aliyezaliwa 1897. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1960, mwaka mmoja baada ya kifo chake, anaeleza jinsi yeye na Louis Armstrong, wakiwa bado vijana, walivyotumia ujira wa kupiga muziki kununua bia na sandwichi zenye jina hilo hilo.

Ushahidi huo si wa kupuuzwa. Bechet aliondoka New Orleans zaidi ya miaka kumi kabla ya tramu kuchomwa. Lakini kumbukumbu zile alizisimulia uzeeni, na mtu anayekumbuka chakula cha ujanani anaweza kukiita kwa jina alilolizoea baadaye.

Hoja ya pili ni kwamba ahadi inayojulikana katika barua ya ndugu wa Martin ni ya mlo. Wanaotilia shaka wanasema barua hiyo haithibitishi sandwichi wala jina lake.

Hoja ya tatu ina mizizi mirefu zaidi. Kujaza mkate chaza kulikuwapo Marekani muda mrefu kabla ya hapo. Mary Randolph wa Virginia aliweka upishi wa namna hiyo katika kitabu chake cha 1824. Huko New Orleans mkate wa chaza uliitwa mpatanishi, kwa sababu ilisemwa kwamba mume aliyechelewa baa aliununua njiani ili asifungiwe mlango na mkewe.

Mwanahistoria Michael Mizell-Nelson wa Chuo Kikuu cha New Orleans, aliyefariki 2014, ndiye aliyefukua habari za mgomo huo na kuirudisha sandwichi katika historia ya wafanyakazi. Kabla yake, wengi walijua kula tu.

Nikiyaweka yote pamoja, naona pande zote mbili zina haki yao. Mkate wa kujazwa ni wa zamani kuliko ndugu wa Martin, na jina huenda lilikuwa likisikika mitaani. Lakini mkate wenye umbo lile, ukubwa ule, na nia ile ya kuwashibisha waliokosa kazi, una watu wake na mwaka wake. Mikate ya zamani ya chaza haikuwa na sababu ya kuwa sawa kila mahali.

Waliokuwa nje ya mstari

Kuna jambo moja ambalo masimulizi matamu ya mgomo hulipita haraka. Kazi ya kuendesha tramu New Orleans wakati ule ilikuwa ya Wazungu. Mwanachama wa tawi la 194 aliyeahidiwa mlo wa bure hakuwa mtu mweusi, kwa kuwa mtu mweusi hakuajiriwa kazi hiyo.

Ndani ya tramu zenyewe kulikuwa na vibao vya mbao vinavyohamishika, vilivyoonyesha abiria weusi waishie kukaa wapi. Vibao hivyo viliondolewa 1958 tu.

Mshikamano wa 1929 ulikuwa wa kweli, na ulikuwa na mpaka. Kuutaja mpaka huo hakuwapunguzii hadhi ndugu wa Martin. Kunatusaidia kuelewa kwa nini po’ boy ilipata maisha ya pili mbali na mgahawa wao.

Mwaka 1941, katika mtaa wa Tremé wenye wakazi wengi weusi, Emily na Dooky Chase walianza kibanda kidogo cha kuuza tiketi za bahati nasibu na po’ boy. Mwana wao alimwoa Leah, msichana aliyekuwa amefanya kazi katika migahawa ya mjini. Leah alikigeuza kibanda hicho kuwa mgahawa wa heshima wenye vitambaa mezani, mahali ambapo watu weusi, waliofungiwa milango ya hoteli za katikati ya mji, waliweza kuketi na kuhudumiwa.

Wakati wa harakati za haki za raia, viongozi wa harakati hizo walikutana ghorofani hapo, weusi kwa weupe, katika mji ambao sheria zake ziliwakataza kula pamoja. Leah Chase alifariki 2019 akiwa na umri wa miaka 96. Mgahawa wake unasifiwa zaidi kwa supu ya gumbo na kuku wa kukaanga, lakini msingi wake ulijengwa na mkate uliojazwa.

Kwa nini watu wanaupenda

Anayetaka kuielewa po’ boy aanze na mkate, kisha ndipo auangalie ujazo. Unaitwa mkate wa Kifaransa, lakini ukiuweka kando ya ule wa Paris utaona ni vitu viwili. Wa Paris una ganda gumu na ndani unavutika, unahitaji meno. Wa New Orleans una ganda jembamba linalovunjika kwa kuguswa, na ndani ni mwepesi, umejaa hewa. Msomaji wa pwani aliyelelewa na boflo ataushangaa urefu wake, lakini wepesi wake mkononi hautamwia mgeni.

Wepesi huo una kazi. Chaza wa kukaanga ni laini. Ukimweka ndani ya mkate mgumu na kung’ata, mkate unashinda na chaza anachomokea upande wa pili. Mkate wa New Orleans unakubali. Ganda linapasuka, moyo wake unabonyea, na kila kitu kinafika mdomoni kwa pamoja.

Ukijazwa nyama, hufanya kazi nyingine. Nyama ya ng’ombe huokwa polepole kwa saa nyingi, ikiwa na kitunguu saumu, mpaka inachambuka nyuzi nyuzi na kuzama katika mchuzi wake mzito. Mkahawa wa Mother’s ulioko mtaa wa Poydras, uliofunguliwa 1938, umejijengea jina kwa vipande vile vinavyodondoka sufuriani wakati nyama inakatwa, vinavyokusanywa na kumwagwa juu ya mkate pamoja na mchuzi.

Mkate unaunyonya mchuzi, unalowa, lakini ganda linashikilia kwa dakika kadhaa. Mlaji anapaswa kumaliza kabla ganda halijakata tamaa. Wenyeji huipima po’ boy ya nyama kwa idadi ya karatasi za kujifutia mikono alizotumia mtu, na ikiwa kidevu kimebaki kikavu basi mpishi ana la kujieleza.

Kamba, chaza na kambare hupakwa unga wa mahindi uliotiwa chumvi na pilipili, wakatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, wakatolewa mara tu wanapogeuka rangi. Hawapangwi kwa adabu. Hurundikwa mpaka wengine wanaanguka juu ya karatasi, na hao walioanguka huliwa kwanza, kwa vidole, wakati mtu anajiandaa kuushika mkate kwa mikono miwili.

Muuzaji huuliza swali moja tu: unataka ivishwe? Ukijibu ndiyo, ataweka mayonezi, letusi iliyokatwa nyembamba, nyanya na vipande vya achari ya matango. Ubaridi wa mboga na uchachu wa achari unakata mafuta. Pilipili ya chupa unajitilia mwenyewe.

Kisha ipo ile ambayo mgeni haitegemei: mkate uliojazwa chipsi na kumwagiwa mchuzi wa nyama, bila nyama. Ni ya tangu siku za ndugu wa Martin. Wanga ndani ya wanga, na ladha ya nyama kwa gharama ya mchuzi tu. Aliyewahi kulisha familia mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa mantiki yake.

Mkate huu una udhaifu mmoja mkubwa. Haulali. Ule wa asubuhi umeshaanza kukakamaa jioni, na kesho yake unafaa kulowekwa kwenye maziwa na mayai ukawa kitindamlo. Huwezi kuuoka mbali ukausafirisha kwa siku tatu. Lazima bekari iwe jirani na gari la mikate lipite kila siku, na ndiyo sababu hatima ya sandwichi imefungwa kwenye hatima ya waokaji wachache.

Mjerumani, Msicily, Mvietnam

Mkate wa Kifaransa wa mji huu, kwa muda mrefu, haukuokwa na Wafaransa. George Leidenheimer alitoka Deidesheim, Ujerumani, na kufungua bekari yake New Orleans mwaka 1896. Alianza kwa mikate mizito ya kwao, kisha akajifunza kuoka ule mwepesi ambao wateja wake waliutaka. Kizazi baada ya kizazi, familia yake ikawa miongoni mwa walishaji wakuu wa maduka ya po’ boy.

Baada yake akaja Gendusa kutoka Sicily. Na baada ya vita vya Vietnam kumalizika 1975, maelfu ya wakimbizi wa Kivietnam waliwekwa mashariki mwa New Orleans, wengi wao Wakatoliki na wengi wakiwa wavuvi. Walikuja na mkate wao mrefu, urithi wa ukoloni wa Kifaransa upande wa pili wa dunia.

Mwaka 1982 De na Huong Tran walifungua Dong Phuong, bekari iliyoko kwenye barabara ya Chef Menteur. Huuza sandwichi za Kivietnam ambazo wenyeji, bila kusita, huziita po’ boy za Kivietnam, na mikate yake hupelekwa pia kwenye mikahawa ya po’ boy za kienyeji. Mwaka 2018 bekari hiyo ilipewa tuzo ya taasisi ya James Beard inayotolewa kwa migahawa iliyo sehemu ya utambulisho wa mahali pake.

> Mkate unaoitwa wa Kifaransa uliokwa na Mjerumani, ukanyooshwa na Msicily, na sasa unaendelezwa na Mvietnam.

Ninalipenda jambo hili kuliko hadithi yoyote ya chakula halisi kisichobadilika. Mji uliruhusu kila mgeni mwenye hamira aingie jikoni, ukapata mkate bora.

Kamba wa nani?

Ugomvi mkali wa sasa uko ndani ya mkate. Zaidi ya asilimia 90 ya kamba wanaoliwa Marekani huagizwa kutoka nje, wengi wao wakiwa wamefugwa kwenye mabwawa ya India, Ecuador, Vietnam na Indonesia. Louisiana ni jimbo la wavuvi wa kamba, lakini hata hapo mtu anaweza kuketi akiuona mto Mississippi na kula kamba aliyevuka bahari mbili akiwa amegandishwa.

Wavuvi wa Ghuba ya Meksiko wanasema wanauawa na ushindani huo. Bei wanayopewa gatini imeshuka huku mafuta ya boti yakipanda, na vijana wao hawataki tena kurithi nyavu. Wanalalamika pia kwamba kamba wa kufugwa ng’ambo huenda wamepewa dawa zisizoruhusiwa, na kwamba mamlaka za Marekani hukagua sehemu ndogo tu ya shehena zinazoingia.

Wenye mikahawa wana hesabu yao. Kamba wa nje ni wa bei nafuu, ukubwa wake haubadilikibadiliki, na anapatikana mwaka mzima. Mwenye duka dogo la mtaani anayejua kwamba wateja wake hawawezi kulipa dola mbili zaidi anajiona yuko kwenye kona. Kumwita mdanganyifu kwa kununua anachokimudu si haki, ilimradi anasema ukweli.

Na ukweli ndio uliotungiwa sheria. Mwaka 2019 bunge la Louisiana lilitaka mikahawa inayouza kamba wa kuagizwa iwajulishe wateja. Sheria hiyo ikakazwa, na tangu Januari Mosi 2025 masharti ya kutaja asili ya kamba ni makali zaidi, pamoja na katazo la kumpa mteja picha ya uongo kwamba anakula kamba wa nyumbani.

Wanaoteseka na vita hii, kwa sehemu kubwa, ni wale wale Wavietnam. Wamo kwa wingi katika boti za kamba za Ghuba. Jamii moja inaoka mkate na kuvua kilichomo ndani yake, na inapata hasara kwenye upande mmoja huku ikisifiwa kwenye mwingine.

Chaza nao wana masaibu yao. Aprili 20, 2010, mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka, ukaua wafanyakazi 11, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Maji ya mto yaliyofunguliwa ili kuyasukuma mafuta mbali na pwani yalipunguza chumvi, na chaza wengi wakafa kwa maji matamu. Mwaka 2019 mafuriko ya Mississippi yalilazimisha mlango wa maji wa Bonnet Carré kufunguliwa mara mbili katika mwaka mmoja, na vitanda vya chaza vikapigwa tena.

Mji ulipozama, na bei ilipopanda

Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilivunja kingo na karibu asilimia 80 ya New Orleans ikawa chini ya maji. Parkway, bekari iliyofunguliwa 1911 kando ya Bayou St. John, ilifurika pia. Sehemu hiyo ilikuwa imefungwa miaka ya 1990, baada ya kiwanda cha makopo kilichokuwa kikiipa wateja wake wa zamu kufunga milango, na ilikuwa imefufuliwa na mmiliki mpya miaka michache tu kabla ya kimbunga.

Ilifunguliwa tena mapema, wakati mitaa mingi ya jirani bado haina watu. Kwa mtu aliyerudi na kukuta nyumba yake imeoza, mkate wa nyama wenye mchuzi ulikuwa uthibitisho kwamba kuna mji wa kurudia. Miaka mitano baadaye, siku ya kumbukumbu ya maafa hayo, Rais Barack Obama alikwenda kula hapo na familia yake.

Miaka miwili baada ya kimbunga, 2007, wapenzi wa po’ boy walianzisha tamasha la kuihifadhi katika mtaa wa Oak. Hofu yao ilikuwa maduka ya sandwichi ya makampuni makubwa ya kitaifa, yenye mkate laini usio na ganda na matangazo kila kona. Tamasha lilivuta umati mkubwa, na linaendelea kufanyika.

Lakini tamasha haliwezi kuirudisha bei. Leo po’ boy ya kamba katika mikahawa mingi ya New Orleans inazidi dola 15, na kwenye maeneo ya watalii inapanda zaidi ya hapo. Ngano, mafuta ya kukaangia, bima ya jengo baada ya kila kimbunga, mshahara wa mpishi: vyote vimepanda, na kila mwenye duka anaweza kukuonyesha hesabu zake.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Chakula kilichobuniwa ili kipande kimoja kimshibishe asiye na mshahara kikiwa cha watalii na wenye kipato kizuri peke yao, kitakachokuwa kimehifadhiwa ni umbo tu. Wanaotetea kamba wa Ghuba wana haki, nami niko nao. Lakini mji unaotaka mvuvi alipwe vizuri na mfanyakazi ale vizuri hauwezi kuwaachia wenye maduka madogo mzigo wote. Wapunguziwe kodi. Shule na hospitali za umma zinunue kamba wa wavuvi wa nyumbani moja kwa moja, ili boti ziwe na soko la uhakika. Waokaji wachache waliobaki wachukuliwe kuwa sehemu ya miundombinu ya mji, kama zinavyochukuliwa pampu za maji ya mafuriko.

Wakati hayo yakisubiriwa, yeyote anayeingia leo katika duka la po’ boy la mtaani, mbali na barabara za watalii, auangalie ubao wa bei mpaka mstari wa chini kabisa. Mara nyingi atakuta chipsi na mchuzi wa nyama, bado ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, bado inauzwa nusu au nzima, na wanaoiagiza ni wenyeji.